Lamu mpaka Unguja: siku saba nikifuata stempu

Siku ya kwanza, Lamu

Nimeingia jana usiku kwa boti ya Mokowe ila nahesabu leo ndo mwanzo, maana jana nilikuwa hoi. Kwenye begi nina nguo chache na kialbamu changu cha stempu, kama arobaini hivi, zote za pwani hii yetu na bara yake enzi za Mjerumani, Mwingereza na Sultani. Nimezikusanya miaka mingi bila kufikiria sana, mpaka siku moja nimezipanga mezani nikaanza kusoma maneno badala ya kuangalia picha, nikakuta kuna Kijerumani, Kiingereza, herufi za Kiarabu, Kifaransa, hata lugha ya Wabelgiji wa upande wa pili, lakini Kiswahili, lugha ambayo serikali hizo hizo zilikuwa zinaitumia kutoa amri na kukusanya kodi, hakipo, au kipo kwa kunyemelea. Hilo limenikaa rohoni. Nikasema naenda kuzipeleka stempu zilikotumika nione.

Lamu nimeanza nako kwa sababu Wajerumani walifungua ofisi ya posta hapa mwaka 1888, yaani kabla hata ya zile za Bagamoyo na Dar, na wakaifunga 1891 baada ya kukubaliana na Waingereza nani achukue wapi. Jumba lenyewe lipo mpaka leo kwenye barabara kuu ya mji wa kale, ni makumbusho sasa. Si kubwa. Barua zilizotoka hapa zilibandikwa stempu za kawaida za Ujerumani, zile zile za Berlin, na kitu pekee kinachoonyesha zimetoka Afrika ni muhuri wa duara uliosomeka LAMU.

Jioni nimekaa barazani na mzee mmoja, nikamwamkia nikamweleza safari yangu. Akaniambia, "Ndoo mwanangu, keti hapa," akachukua kalamu na kipande cha karatasi akaniuliza, unajua watu wa Amu walikuwa wakiandikiana barua kwa herufi gani? Nikasema za Kiarabu. Akasema sawa, lakini lugha ni Kiswahili, usichanganye herufi na lugha. Halafu akaandika neno "pesa". Kiarabu hakina P, kwa hiyo kachora umbo la ba akaweka nukta tatu chini badala ya moja, akaendelea na sini na alifu. Nimeiangalia ile karatasi muda mrefu. Watu walikuwa na maandishi yao, wanaandikiana mashairi, mikataba ya nyumba, madeni ya biashara, barua za posa, alafu leo tunaambiana kwamba kusoma na kuandika kuliletwa na meli.

Akanifundisha na kuandika jina lake kwa herufi hizo na akaniomba kitu kimoja, nikifika Unguja nimtumie barua. Simu anayo. Anataka barua.

Siku ya pili, njiani Witu mpaka Mombasa

Basi limetoka asubuhi na mapema, vizuizi vya polisi ni vingi. Tumepita Witu, gari halikukaa hata dakika kumi. Leo ni mji mdogo wa barabarani lakini hapa palikuwa na usultani wake wa Wanabahani, ukawa chini ya ulinzi wa Ujerumani tangu 1885, kupitia wale ndugu wawili wa Denhardt. Mwaka 1889 zilitengenezwa stempu zenye herufi za Kiarabu na neno Suaheliland. Nchi ya Waswahili! Wakusanyaji wanabishana mpaka leo kama kweli zilibeba barua au zilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa tu Ulaya. Mimi sina hata moja. Mwaka uliofuata Mjerumani akaachia Witu kwa Mwingereza, na kabla 1890 haijaisha mji ulishachomwa moto na jeshi la Waingereza. Nimeangalia dirishani miembe inapita, nikawaza hilo neno Suaheliland, kwamba mara moja tu jina letu liliwahi kupewa nchi kwenye stempu na halikudumu.

Garsen, Malindi, kulala tu. Mombasa saa moja usiku.

Siku ya tatu, Mombasa

Asubuhi chai na mahamri Mji wa Kale, halafu nimezunguka na albamu. Huku stempu za kwanza zilikuwa za kampuni, sio za serikali. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa eneo hili ilianza 1890 na stempu za Malkia zilizopigwa chapa jina la kampuni juu yake, kisha ikatoa zake zenye jua na taji na maneno ya Kiingereza ya kuahidi nuru na uhuru. Nimeyarudia mara mbili hayo maneno. Kampuni ya biashara inamwahidi mtu uhuru kwa lugha ambayo hajui kuisoma. Stempu zikaisha mara kwa mara, na 1891 hapa Mombasa maofisa wakawa wanabadilisha thamani kwa mkono, wanaandika kwa wino na kutia vifupisho vya majina yao, A.D. kwa Andrew Dick, V.H.M. kwa Mackenzie. Hizo sasa ni ghali mno.

Lakini Mombasa mimi inaniuma kwa jambo lingine na lazima niliandike. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapa hapa, kuamua Kiswahili kipi kiwe sanifu kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wamisionari wa huku walitetea Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina mashairi ya miaka mia na zaidi, kina kamusi ya mmisionari Krapf. Kikashinda Kiunguja, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimeshaenea bara na njia za misafara na ndicho kilichokuwa kwenye vitabu vya Tanganyika. Sipingi kwamba ilibidi kimoja kichaguliwe, vitabu vya shule vinahitaji kitu kimoja. Ninachosema ni nani aliyekaa mezani. Kamati ya Lugha ilipoanza kazi 1930, katibu akiwa Frederick Johnson, miaka ya mwanzo wajumbe walikuwa Wazungu. Mtu wa Mombasa ambaye bibi yake alisema "ndia" akaambiwa darasani andika "njia", anayesema "ndoo" kwa maana ya "njoo" akaambiwa hiyo ni ya kuchotea maji. Mama muuza mahamri leo kanielekeza, "fuata ndia hii hii mpaka mwisho", nikafurahi moyoni kwamba kamati haikufika jikoni kwake.

Yaani serikali ilikuwa na muda wa kukaa na kuchagua irabu na konsonanti zetu, lakini kwenye stempu za wakati ule ule, mfalme George wa Tano, Kenya and Uganda, Kiingereza kitupu.

Siku ya nne, kuvuka Likoni kwenda Tanga

Feri ya Likoni, matatu mpaka Lunga Lunga, mpaka wa Horohoro, Tanga kabla ya magharibi. Kwenye forodha ofisa kafungua albamu akauliza hizi ni za kuuza? Nikasema hapana kaka, ni za kwangu. Akageuza kurasa polepole, akasimama kwenye ile ya twiga ya Tanganyika ya 1922, akasema hii nzuri. Ni nzuri kweli, kichwa cha twiga kimejaa karatasi yote, hakuna mfalme.

Tanga kwa mtu anayefuata mambo ya lugha ni pahala pakubwa kuliko watu wanavyodhani. Wajerumani walifungua hapa shule ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1890, ya kutoa makarani, wakalimani, walimu na watu wa posta, na ikafundisha kwa Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Neno shule lenyewe ni lao, Schule. Kwenye mtambo wa chapa wa shule hiyo ndo likachapwa gazeti la Kiongozi, Kiswahili mwanzo mwisho. Huku maakida na maliwali, watawala wadogo wa pwani, ambao zamani waliandika barua za kiserikali kwa herufi za Kiarabu wakasukumwa taratibu waandike kwa za Kirumi. Ujerumani penyewe palikuwa na ugomvi juu ya hili, kuna wamisionari waliosema Kiswahili kinabeba Uislamu ndani yake kisitumike, na kuna waliotaka watu wafundishwe Kijerumani, na wengine wakapinga kwa sababu hawakutaka mwenyeji aelewe wanachosemezana wao. Nataka msomaji aione hiyo vizuri. Kiswahili kilichaguliwa pia ili sisi tubaki upande wa pili wa mlango.

Nimekaa ufukweni karibu na Raskazone nimetoa stempu ya meli. Kati ya 1900 na 1901 makoloni yote ya Ujerumani yalipewa picha moja, meli ya starehe ya Kaisari inayoitwa Hohenzollern, iwe Kamerun, Togo, Samoa au huku, kinachobadilika ni jina la koloni tu. Yangu imechanika meno mawili pembeni, ina rangi nyekundu ya damu ya mzee, juu DEUTSCH-OSTAFRIKA, chini 5 PESA.

Pesa! Ile ile aliyoniandikia mzee Lamu kwa nukta tatu.

Hapo ndo nimegundua nimekuwa natafuta vibaya. Natafuta sentensi ya Kiswahili, salamu, jina la nchi, kumbe neno lilikuwepo tangu 1893, walipochukua stempu zao za pfennig, yaani senti za kwao, wakazipiga chapa nyeusi za pesa, 2, 3, 5, 10 na 25, kwa sababu sokoni kwetu rupia moja ilikuwa pesa 64 na hakuna mama wa sokoni ambaye angekubali kuhesabiwa pfennig. Asili yake ni paisa ya Wahindi, sawa, lakini ilishakuwa yetu zamani. Usultani haukuwekwa, heshima haikuwekwa, ila thamani ilibidi iandikwe kwa neno la watu.

Siku ya tano, Tanga mpaka Bagamoyo

Basi kupitia Segera, halafu Msata na kukata kulia... hapana, kushoto, nimeshachanganyikiwa na usingizi. Asubuhi kabla sijaondoka nimeulizia Vuga, kule juu Usambara, ila safari hii muda hautoshi. Vita ya kwanza ilipobana na meli za Ujerumani haziingii, mtambo wa chapa wa misheni ya Vuga ulichapa stempu za dharura 1916, za heller 2½, 7½ na rupie 1 (heller ndo senti za rupie wakati huo). Hazikutumika. Ilifika meli moja imepenya na shehena mpya, zile za Vuga zikaja kuzikwa ardhini zisikamatwe na adui na baadaye zikafukuliwa. Mtambo uliokuwa unachapa neno la Mungu kwa lugha za wenyeji, ukiambiwa uchape stempu unarudi Kijerumani.

Bagamoyo joto. Posta ya kale ya Wajerumani ipo kwenye mtaa ule wa majumba ya mawe, mlango wa nakshi. Nimekaa kwenye kivuli chake nikatoa sarafu yangu ya pesa moja, shaba, imesuguliwa na mikono mpaka inang'aa. Upande mmoja tai wa Ujerumani na jina la kampuni yao ya Afrika Mashariki, 1890. Geuza, upande wa pili ni herufi za Kiarabu tupu zinazosomeka sharikat Almaniya, kampuni ya Ujerumani, na mwaka wa Hijria. Mtu aliyetengeneza sarafu hii alijua vizuri kabisa wenyeji wanasoma nini. Stempu hazikufanyiwa hivo, na mimi naona sababu ni kwamba sarafu ilikuwa ya kwetu, inaingia kwenye kikapu na kwenye kanzu, stempu ilikuwa ya kwao, inakwenda Hamburg.

Halafu 1904 pesa ikafutwa. Rupie ikagawanywa heller 100, na 1905 stempu zikatoka upya, meli ile ile ya Kaisari, 2½, 4, 7½, 15. Mwaka huo huo kusini ikalipuka Maji Maji. Neno pesa likaondoka kwenye stempu za nchi hii.

Na watu wakafanya nini? Wakaichukua heller, wakaimeza, wakaitoa hela. Leo dada wa mgahawa wa hapa Bagamoyo kaniambia "kaka hela yako ndogo huna?" Kaisari kaondoka, rupie kaondoka nayo, heller hakuna Ujerumani wala Austria anayelipwa nayo, lakini hela ipo. Na pesa ipo. Zote mbili mdomoni kwa mtu mmoja siku moja.

Siku ya sita, Dar

Daladala imeandikwa Posta. Kila mtu Dar anasema posta bila kufikiria barua, kuna Posta Mpya na kuna Posta ya Zamani kule Sokoine Drive karibu na bandari, nikashuka ya Zamani. Konda anaimba "Posta Posta Posta" mlangoni, vituo viwili vimebeba majina ya ofisi za barua na nusu ya abiria hawajawahi kubandika stempu maishani.

Leo nimeshinda na kurasa za kipindi cha mabadiliko. Mwingereza alipoichukua nchi, kwanza zikatumika stempu za Afrika Mashariki ya Kiingereza na Uganda zilizopigwa chapa G.E.A., yaani German East Africa, kisha twiga, kisha 1927 mfalme na maneno marefu ya Kiingereza kwamba hii ni nchi ya udhamini. Upande wa magharibi alipoingia Mbelgiji 1916 stempu za Kongo zilipigwa chapa ya mistari minne, miwili Kifaransa miwili Kiflemish, zote zikisema kitu kimoja, Afrika Mashariki ya Kijerumani chini ya Ubelgiji. Karatasi kama ukucha wa kidole gumba! Huko kwao Waflemish walipigania sana lugha yao iheshimiwe sawa na Kifaransa, na wakafanikiwa mpaka kwenye stempu ya Kigoma. Mtu wa Ujiji, Mswahili, mji wenye misikiti na wafanyabiashara wa toka zamani, anapewa usawa wa lugha mbili za Ulaya na yake haimo.

Na hapa Dar, Januari 1923, serikali ya Mwingereza ilianza kuchapa jarida la Mambo Leo, Kiswahili, likasomwa nchi nzima, watu wanatuma barua na mashairi. Sasa fikiria mtu yuko Tabora kaandika shairi lake, mizani imetimia, kaliweka kwenye bahasha, kabandika twiga lenye Kiingereza, likaja kuchapwa hapa kwa Kiswahili na mtambo wa serikali. Ndani ya bahasha Kiswahili, nje hakiruhusiwi. Mpaka zile stempu za pamoja za 1935, Kenya Uganda Tanganyika, zina jahazi, zina simba, zina Kilimanjaro, ni kazi ya mkono wa fundi kwelikweli na nazipenda, lakini mlima huo hauna hata neno moja la watu wanaouangalia kila asubuhi.

Ukurasa wa mwisho wa Tanganyika ndo nilioutamani. Desemba 9, 1961. Senti 30, bendera ya kijani, njano na nyeusi, na UHURU 1961. Hawakuandika kwa Kiingereza, wameandika UHURU, na dunia nzima ikabidi iulize maana yake. Kuna nakala chache zilizokosewa kiwandani tarakimu ya mwisho haikutoka, zinasomeka UHURU 196, wakusanyaji wanazilipia hela nyingi sana. Yangu ni ya kawaida, imegongwa muhuri, imefifia kidogo pembeni. Siiuzi.

Siku ya saba, Unguja

Boti ya asubuhi. Nimekwenda moja kwa moja Shangani na mizigo yangu yote mgongoni.

Unguja ndiko posta ilikotangulia kuliko kote nilikopita, kulikuwa na ofisi ya posta ya India tangu miaka ya 1860 na 1870, stempu za India bila kubadilishwa. 1895 zikaanza kupigwa chapa Zanzibar juu yake, na kwa haraka za mtambo wa hapa hapa mjini zikatoka zimekosewa, ipo iliyoandikwa Zanzidar, ipo Zanibar. Mwaka uliofuata zikaja za Sultani Hamed bin Thuwaini, na baada yake kila Sultani na sura yake, na ile ya 1904 badala ya sura ina tughra, yaani jina lililosukwa kwa herufi za Kiarabu, ya Ali bin Hamoud. Herufi za Kiarabu zimo, Kiingereza kimo. Ndio, Kiarabu kilikuwa cha Sultani na kina heshima yake, lakini kisiwa ambacho lahaja yake ndiyo iliyochaguliwa iwe Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki nzima, hakijaandikwa Kiswahili kwenye stempu zake mpaka Desemba 1963. Kiunguja kilifundishwa Bukoba na Kisumu na Unguja kwenyewe posta haikiandiki.

Desemba 1963 zikatoka nne za uhuru, zimeandikwa UHURU 1963. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, Mapinduzi. Stempu mpya hakuna, barua lazima ziende, wakachukua akiba yote iliyokuwa posta wakaigonga muhuri wa mkono: JAMHURI 1964.

Ninazo mbili. Moja ni ya Sultani, muhuri umempitia usoni, wino mweusi umekolea upande wa J na upande wa mwaka umefifia, unaona kabisa mtu alikuwa anagonga karatasi baada ya karatasi na mkono umechoka. Ya pili ni ya uhuru, kwa hiyo maneno mawili yamekaa pamoja, UHURU limechapwa vizuri kiwandani Ulaya, JAMHURI limegongwa kwa mkono hapa mjini limelala upande. Watu walikufa ndani ya siku hizo na kuna familia mpaka leo haziongei, mimi siangalii stempu hii kwa furaha tu. Lakini karani aliyegonga hakuhitaji kamati imwambie neno gani.

Mchana nimekaa nikaandika barua ya mzee. Kurasa mbili, nimemweleza Tanga, pesa, hela, mama wa mahamri na ndia yake. Bahasha nikaandika jina lake juu kwa zile herufi alizonifundisha, pole pole, kama mtoto wa chuo cha Kurani, chini yake kwa herufi za Kirumi, Lamu, Kenya. Posta karani ni mama wa makamo, kanipa stempu mbili, akaivuta bahasha akaiangalia. Nikadhani ataniambia niandike upya. Akaweka kidole chini ya mstari wa juu, kulia kwenda kushoto, akalisoma lile jina kwa sauti, sawasawa, na la baba yake.

"Hii itafika," akasema, akagonga muhuri.